Bastola ya .22 ya Shabaha: Pima Kifyatulio Kabla ya Mtutu

Kwenye ubao wa shabaha wa mita 25, ule wa hatua ya usahihi, duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 50. Umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma kwenye bastola ya mchezo huo, kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Shabaha, ISSF, hauruhusiwi kuzidi milimita 220. Chukua karatasi upige hesabu. Kutoka kitovu hadi ukingo wa kumi ni milimita 25, na kwa umbali wa mita 25 hiyo ni sehemu moja kwa elfu. Sehemu moja kwa elfu ya milimita 220 ni milimita 0.22. Kilengeo cha mbele kikihama kando kwa unene wa karatasi mbili za kuchapia, tayari umefika ukingoni mwa kumi. Kikihama kwa unene wa karatasi tano, umeangukia nane.

Sasa tazama upande wa pili. Vilengeo vikiwa vimekaa sawa machoni, hata mkono ukitangatanga sentimita mbili juu ya ubao, tundu litakosea sentimita mbili hizo hizo na bado ni kumi. Mkono wa binadamu haujawahi kutulia kabisa, na mlengaji mzuri hapambani na mtikisiko huo. Anachokilinda ni usawa wa vilengeo viwili katika ile nusu sekunde ambayo kidole cha shahada kinamalizia kazi. Kinachoharibu usawa huo, mara nyingi kuliko kingine chochote, ni kidole chenyewe kikivuta kifyatulio kigumu, chenye mikwaruzo, kinachoteleza bila kutarajiwa.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu wengi wanaoniuliza wanunue bastola gani ya .22 huanza na mtutu: urefu wake, unene wake, chuma chake. Naelewa kwa nini, maana mtutu unaonekana. Lakini karibu kila bastola ya shabaha ya .22 inayotoka kiwanda chenye jina, ikifungwa kwenye kishikizo cha chuma na kupewa risasi inayoipenda, itaweka matundu yake ndani ya kumi kwa mita 25. Mtutu uko mbele ya uwezo wa mnunuzi kwa miaka mingi. Fedha yake anatakiwa aitafutie kifyatulio, mpini, na kile kitakachobaki kiende kwenye risasi.

Risasi yenyewe inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu tabia yake ndiyo inayoamua tabia ya bastola. Risasi nyingi za bastola kubwa zina fataki ndogo katikati ya kitako cha ganda. Ya .22 haina. Dawa ya fataki imejificha ndani ya ukingo wa ganda, mzunguko mzima, na pini ya bastola huuponda ukingo huo ili iwake. Kiwandani dawa hutiwa ikiwa na unyevu, kisha ganda huzungushwa kwa kasi hadi dawa isambae ukingoni. Smith & Wesson walitoa .22 fupi mwaka 1857, na kampuni ya J. Stevens ya Massachusetts ikaleta .22 Long Rifle mwaka 1887. Hii ya pili ndiyo inayotumika leo karibu kila mahali: kichwa cha risasi chenye uzito wa takriban gramu 2.6, ganda jembamba, na teke dogo kiasi kwamba mtoto wa klabu anaweza kupiga risasi hamsini bila kuanza kufumba macho. Ni rahisi kuliko risasi yoyote ya bastola kubwa, na kwa mazoezi hilo ni jambo kubwa: anayepiga mara nyingi ndiye anayejifunza.

Udhaifu wake unatoka pale pale. Dawa isiposambaa vizuri, kuna sehemu ya ukingo itapigwa na isiwake. Ganda likishatumika halijazwi tena. Na nguvu inayosukuma mtambo wa bastola nyuma ni ndogo, hivyo springi zinapaswa kulingana na risasi. Hapo ndipo bastola moja hukwama kila magazini na nyingine ya aina ile ile ikafanya kazi mwaka mzima bila kelele.

Turudi kwenye kifyatulio. Kanuni za ISSF zinataka kifyatulio cha bastola ya mita 25 kibebe gramu 1000 bila kuachia. Mwamuzi huishika bastola mtutu ukiwa wima, huning'iniza uzani huo kwenye kifyatulio, na kikiachia, bastola hairuhusiwi. Wamarekani, katika mchezo wao wa kienyeji wa kupiga kwa mkono mmoja yadi 50 na yadi 25, wanataka pauni 2 kwa bastola ya .22, yaani gramu 900 na ushei. Hizo ni ngazi za chini. Bastola ya kawaida ya dukani huja na pauni nne au tano, na bastola yenyewe inakaribia kilo moja, kwa hiyo kidole kinavuta mara mbili ya uzito wa kitu ambacho mkono unajaribu kukituliza.

Hata hivyo uzito si kila kitu. Nimeona vifyatulio vya kilo moja na nusu ambavyo ningevichagua kuliko vingine vya kilo moja. Unachokitafuta dukani, bastola ikiwa tupu na imekaguliwa na watu wawili, na mwenye duka ameridhia, ni mambo haya: kidole kikute ukuta mgumu, ukuta huo uvunjike mara moja bila kutambaa, na baada ya kuvunjika kifyatulio kisiendelee kukimbia nyuma, kwa sababu mkimbio huo hutikisa bastola wakati kichwa cha risasi bado kimo ndani ya mtutu. Bastola za Ulaya za mashindano huwa na hatua mbili: sehemu ya kwanza laini inayobeba sehemu kubwa ya uzani, kisha ukuta mdogo. Mtu akishazoea hatua mbili, kurudi kwenye moja humchosha.

Jambo la pili ni mahali vilengeo vinapokaa. Kwenye Ruger, Browning Buck Mark na bastola nyingine zilizobuniwa kwa ajili ya shabaha, mtutu umefungwa imara na vilengeo viwili havisogei bastola inapopiga. Kinachorudi nyuma ni chuma kidogo cha ndani. Kwenye bastola za .22 zinazoiga silaha za polisi, kama Glock 44, vilengeo vyote viwili vimepanda juu ya slaidi inayokwenda na kurudi, na mtutu haujaungana nayo. Uhusiano kati ya macho yako na mtutu unategemea slaidi imerudi na kukaa vipi. Kwa anayefanya mazoezi ya bastola yake kubwa ya 9 mm, bastola hizo zina maana kamili, kwa sababu mkono unazoea umbo lile lile. Kwa anayetaka matundu yakae pamoja kwenye karatasi, simshauri.

Mpini ndio unaopuuzwa zaidi. Hungaria ilikuwa na mwanajeshi, Károly Takács, aliyepiga bastola kwa mkono wa kulia hadi mwaka 1938, guruneti lilipoharibu mkono huo. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, akachukua dhahabu ya bastola ya kasi mjini London mwaka 1948, akarudia Helsinki mwaka 1952. Wengi husimulia habari zake kwa ajili ya ujasiri wake, na anastahili. Mimi namtaja kwa ajili ya swali dogo zaidi ambalo kila mpigaji wa mkono wa kushoto analijua: bastola hii imechongwa kwa mkono upi? Mipini ya mashindano imechongwa kufuata kiganja, ina kitegemeo chini ya kiganja, na hutengenezwa kwa kulia au kushoto na kwa saizi kadhaa. Mpini ukikaa sawa, unainua bastola macho yakiwa yamefumbwa, unafumbua, na vilengeo viko karibu na usawa. Ukilazimika kuukunja mkono ili kuvipata, utaukunja hivyo kila mpigo, na mpigo wa hamsini utakunjwa tofauti na wa kwanza. Fanya jaribio hilo mara tano kabla hujatoa pochi.

Sasa bastola zenyewe. Nitaizungumzia Marekani zaidi, kwa sababu huko ndiko mwananchi wa kawaida mwenye kibali ana uchaguzi mpana.

William Ruger na mwenzake Alexander Sturm walianza na bastola ya .22 mwaka 1949, kule Southport, Connecticut. Ukoo huo umeendelea hadi Mark IV ya mwaka 2016, na sababu ya kuipenda Mark IV kuliko dada zake wakubwa ni ya kimatengenezo. Zile za zamani zilikuwa na sifa mbaya ya kufunguliwa kwa usafi. Watu walikuwa wakiogopa kuzifungua wasije wakashindwa kuzirudisha. Mark IV inafunguka kwa kitufe kimoja nyuma, na mtutu husafishwa kutokea chemba badala ya mdomoni. Hilo si la starehe tu: mdomo wa mtutu ndio wa mwisho kugusana na kichwa cha risasi, na fimbo ya kusafishia inayousugua kila wiki huuharibu polepole. Kifyatulio chake cha kiwandani ni cha wastani. Habari njema ni kwamba vipuri vya kukiboresha vipo tele, na fundi mwenye leseni huvifunga kwa muda mfupi. Toleo lake la 22/45 lina mpini wenye mwinamo wa bastola ya Colt ya 1911. Mwenye kuzoea umbo hilo alianzie hapo.

Buck Mark ya Browning, iliyoanza mwaka 1985, huja na kifyatulio kizuri zaidi kutoka kiwandani. Kama mnunuzi hataki kugusa chochote baada ya dukani, ningempa hii kabla ya Ruger. Atunze skrubu za reli ya juu, azikague mara kwa mara, kwa kuwa kilengeo cha nyuma kinategemea reli hiyo. Victory ya Smith & Wesson ni ya bei nafuu na mtutu wake hubadilishwa kirahisi; ni chaguo la haki kwa mwenye fedha kidogo.

Juu yao iko Model 41 ya Smith & Wesson, ambayo imekuwa sokoni tangu mwaka 1957. Bei yake huzidi dola elfu moja, na kifyatulio chake kinaeleza kwa nini. Ina uzito zaidi, inakaa vizuri mbele, na walengaji wa Marekani wameibeba kwa vizazi kwenda Camp Perry, Ohio, uwanja ulioanza kupokea mashindano ya taifa mwaka 1907. Ni bastola yenye choyo ya risasi: inataka zile za kasi ya kawaida, na ukiilisha za kasi kubwa unaiumiza. Mnunuzi wa kwanza haihitaji. Mtu aliyepiga miaka mitatu na ameshajua kwamba kifyatulio chake ndicho kinachomrudisha nyuma, anaihitaji.

Za Ulaya, kama Pardini SP ya Italia na Walther GSP ya Ujerumani, ni ulimwengu mwingine. Zimejengwa ndani ya sanduku la kanuni za ISSF: uzito usizidi gramu 1400, mtutu usizidi milimita 153, bastola nzima iingie kwenye kisanduku cha milimita 300 kwa 150 kwa 50. Kila kitu juu yake kinarekebishika. Mtu asiye na kocha hupotea ndani ya marekebisho hayo, akigeuza skrubu kila wiki na kuilaumu bastola.

Sanduku hilo la kanuni lina somo ambalo limewagharimu watu fedha. Hadi Athens mwaka 2004, bastola ya kasi ya wanaume ilikuwa ikipigwa kwa .22 fupi, risasi yenye teke dogo mno, na viwanda vilitengeneza bastola maalumu kwa mchezo huo. Kanuni zikabadilika; .22 Long Rifle na kifyatulio cha gramu 1000 vikawa lazima. Bastola ghali zikawa mapambo kwa usiku mmoja. Bastola huru ya mita 50, yenye kifyatulio kisicho na kikomo cha wepesi na mpini unaofunika mkono kama glavu, ilitolewa kwenye Olimpiki baada ya Rio mwaka 2016. Bado ipo kwenye Paralimpiki, na nafurahi kwamba ipo, kwa sababu hakuna mchezo wa bastola unaodai utulivu kama ule. Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba aulize klabu yake inapiga mchezo gani kabla hajachagua, asome kanuni za mwaka huu, na asinunue kitu kinachofaa mchezo mmoja tu.

Vivyo hivyo kwa kilengeo cha nukta nyekundu. ISSF haikiruhusu kwenye bastola za mita 25. Mchezo wa Marekani unakiruhusu, na kwa macho yaliyovuka miaka hamsini ni faraja ya kweli, kwa kuwa nukta moja inaondoa kazi ya kupanga vilengeo viwili. Ile hesabu ya milimita 0.22 inabaki kwa kidole peke yake.

Risasi ndiyo sehemu ambayo watu hubania, na hapo wanakosea. Kila mtutu wa .22 una mapenzi yake, na hakuna njia ya kuyajua isipokuwa kupiga. Nunua kasha moja moja la aina nne au tano za kasi ya kawaida: CCI Standard Velocity, SK, Eley, Lapua, Federal, chochote kinachopatikana unapoishi. Egemeza bastola juu ya mfuko wa mchanga, mita 25, piga kumi kumi kwa kila aina, karatasi mpya kila mara, na uandike. Angalia upana wa matundu na pia idadi ya zilizokwama au kukataa kuwaka. Aina moja itajitokeza. Kisha angalia namba ya toleo la kiwandani iliyopigwa kwenye kasha, ununue nyingi za namba hiyo hiyo, kwa sababu toleo linalofuata la jina lile lile laweza kupiga tofauti. Fedha uliyookoa kwa kutonunua bastola ya anasa inatosha risasi za msimu mzima, na msimu mzima wa mazoezi unaongeza alama ambazo hakuna mtutu unaoweza kuziongeza.

Na yapo mazoezi yasiyokula risasi hata moja: kufyatua bastola tupu ukutani, chumba kisicho na risasi kabisa, ukitazama kama kilengeo cha mbele kimetikisika. Lakini kwa .22 uliza kwanza. Pini inayogonga ukingo wa risasi, risasi ikikosekana, yaweza kugonga ukingo wa chemba na kuacha kovu litakalokwamisha maganda baadaye. Ruger wanaruhusu kwa Mark IV. Nyingine zinahitaji risasi bandia za plastiki. Kitabu cha bastola ndicho kinachosema.

Sheria inaweza kuyafuta yote niliyoandika hapo juu. Uingereza ilipiga marufuku bastola za raia mwaka 1997, hata za .22, baada ya mauaji ya watoto wa shule huko Dunblane mwaka uliotangulia. Canada ilisimamisha ununuzi na uhamishaji wa bastola mwezi Oktoba mwaka 2022, ikaacha mwanya mwembamba kwa wanaojiandaa kwa michezo ya Olimpiki na Paralimpiki. Ujerumani mtu huanza kwa kuwa mwanachama wa klabu mwaka mzima kabla ya kuomba. Kenya na Tanzania hakuna anayeshika bastola bila leseni. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi. Msomaji wa Mombasa au Mwanza anayevutiwa na mchezo huu aanze na leseni na klabu, bastola ije mwisho. Na aliye mahali ambapo mlango umefungwa, aulize habari za bastola ya hewa ya mita 10, kwa kufuata sheria ya nchi yake. Kifyatulio chake ni gramu 500, risasi yake ni senti chache, na kila anachokijua mpigaji wa .22 kuhusu kidole na vilengeo kinajifunzwa humo. Mabingwa wengi wa mita 25 hupiga zote mbili.

Waliobahatika kupata bastola ya mkono wa pili kutoka kwa mwanachama wa klabu, wasione haya. Bastola za .22 za shabaha huzeeka polepole. Tazama ukingo wa chemba kwa tochi, utafute kovu la pini. Tazama mdomo wa mtutu, uwe na mviringo safi. Uliza magazini ngapi zinakuja nayo, kwa kuwa magazini iliyopinda ndiyo chanzo cha nusu ya mikwamo yote. Kama ni Mark IV, uliza ilitengenezwa lini: zilizotoka kabla ya tarehe 1 Juni 2017 ziliitwa kiwandani kwa sababu ya kasoro ya kitufe cha usalama, na unapaswa kuona uthibitisho kwamba marekebisho yalifanywa. Kisha omba kupiga nayo risasi hamsini uwanjani, masikio na macho yakiwa na kinga, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula chochote, kwa sababu dawa ya fataki na kichwa cha risasi vyote vina madini ya risasi. Muuzaji akikataa ujaribu uwanjani, mtafute mwingine.